Meza ya kufungia zawadi Kariakoo: kufunga nawapa nyota tano, kadi nawapa mbili

Bei kwanza, maana najua wengine mtasoma mistari ya juu tu mkiwa kwenye mwendokasi mnaelekea huko huko. Kufungiwa boksi dogo, la saa au la kikombe kimoja, ni shilingi 2,000. Boksi la kati 3,000. Boksi kubwa, blanketi, au kitu chochote chenye mpini, mdomo au mkia ni 5,000. Karatasi ya kawaida imo ndani ya bei hiyo. Ukitaka ile nzito inayong'aa unaongeza 1,000 kwa kila shiti. Ribini nyembamba bure, ribini pana ya kitambaa 1,500, ua la kubandika 500. Kadi zinaanzia 1,000 mpaka 5,000. Lipa namba ipo. Risiti usiulize.

Jina la biashara hawana. Ni meza mbili za mbao zilizounganishwa chini ya baraza ya ghorofa moja upande wa Mtaa wa Kongo, katikati ya wauza mashuka na wauza chaja. Mwaka mzima wanauza madaftari, bahasha na kadi za michango ya harusi. Novemba ikielekea ukingoni madaftari yanasukumwa chini ya meza, roli za karatasi za zawadi zinasimamishwa ndani ya ndoo, na ribini zinaning'inizwa kwenye msumari. Wako watatu: kaka anayefunga, kijana anayekata ribini na kupamba, na dada anayeuza kadi na kuziandika. Kila mmoja na eneo lake, na kama mtakavyoona huko chini, ubora wa kazi nao umegawanyika hivyo hivyo.

Nieleze kwa nini mtu mzima mwenye mikono miwili anapeleka zawadi zake zikafungwe na mwanamume asiyemjua. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, nimeolewa Marangu, nakaa Dar. Anayejua Desemba ya Wachaga hahitaji niendelee. Mabasi ya Moshi yanajaa, foleni za Dar zinapungua mpaka unajiuliza watu wamekwenda wapi, na sisi wake wa wenyewe tunapanda mlima na mizigo. Ukoo mzima unakutana: wifi zangu wote, mashemeji na wake zao, watoto wasio na idadi. Zawadi za wazee zinakabidhiwa sebuleni, mbele ya wote hao.

Na pale ukweni zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeileta. Mama mkwe anaipokea kwa mikono miwili, anaipakata kidogo, anasema "aika", yaani asante kwa Kichaga, kisha anamwita mjukuu aipeleke chumbani. Basi. Ulichoweka ndani utakisikia kesho yake jikoni, au hutakisikia mpaka siku utakapomwona amejifunga nacho kanisani. Wifi zangu hawana namna ya kujua kama nimeleta kitenge cha maana au vitambaa vya kufutia vyombo. Wanachokiona ni karatasi. Wanaona pembe zimekaa au zimevimba, wanaona selotepu imepita juu au haionekani, na wana macho hao, Mungu awabariki. Kwa hiyo kwenye suala la kufunga sina mchezo.

Sasa kazi yenyewe. Nilimpa kaka boksi la bilauri, zile ndefu za kunywea juisi, boksi limebonyea kona moja na lina stika ya bei iliyobandikwa kwa chuki. Nilitegemea achukue karatasi. Hakuchukua. Alilizungusha boksi mikononi akaiona stika, akatoa kichupa cha mafuta ya kula chini ya meza, akadondosha tone, akaendelea kuongea na mteja mwingine huku mafuta yanafanya kazi, kisha akaivuta stika ikatoka nzima, akafuta na kitambaa. Sikuwa nimemwambia. Ile kona iliyobonyea akaifungua, akaingiza kwa ndani kipande cha manila alichokikunja, boksi likarudi kuwa boksi.

Ndipo akatandaza karatasi. Rula ya kupimia haitumii. Analilaza boksi juu ya karatasi na kulibiringisha upande kwa upande mpaka limalize mzunguko, anaweka alama kwa ukucha, anaongeza upana wa vidole viwili. Kwenye ncha anaacha karatasi ipande kuzidi nusu ya kimo cha boksi kidogo tu. Nikamuuliza mbona anabana hivyo, karatasi si nyingi. "Mama, ikizidi hapa mwisho ndiyo inatoa masikio." Nikanyamaza. Nimefunga zawadi zenye masikio maisha yangu yote, na kumbe nilikuwa nazidisha karatasi nikidhani ni ukarimu.

Anakata kwa wembe juu ya rula ya chuma. Mkasi anautumia kwa ribini peke yake, anasema kwenye karatasi unaacha meno. Selotepu ya kawaida inaingia mara moja tu, mwanzo, kuishika karatasi kwenye boksi. Kuanzia hapo ni gundi ya pande mbili, ambayo inajificha ndani. Ukingo wa mwisho anaukunja kwa ndani kwanza, halafu anaupanga uangukie kwenye ukingo wa boksi na si katikati ya tumbo, kwa hiyo ukiligeuza boksi huoni karatasi ilipoanzia wala ilipoishia. Ncha zinasukumwa pande mbili kuingia ndani, zinakunjwa pembetatu kama sambusa, ya juu inashuka, ya chini inapanda. Mwisho anapitisha ukucha wa dole gumba kwenye kila ukingo, pole pole, kote kumi na mbili. Hapo ndipo boksi linapopata ile mistari mikali mnayoiona kwenye madirisha ya maduka makubwa.

Na kabla ya yote hayo aliuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu: "Hii utaikabidhi imesimama au imelala?" Karatasi niliyochagua ilikuwa na miti ya Krismasi. Alitaka miti isimame wima mbele ya mpokeaji. Duka moja kubwa lenye kiyoyozi, la mle wanamokufungia bure ukinunua, liliwahi kunifungia zawadi ya baba mkwe na kulungu wote miguu juu. Bure yenyewe ndiyo hiyo.

Blanketi ndilo lililonifanya niandike hivi. Mnayajua yale mablanketi mazito yanayouzwa ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu na picha ya chui. Ukilifunga lilivyo, zawadi inapendeza jioni hiyo hiyo. Ukiamka asubuhi limevuta pumzi, limevimba, karatasi imepasuka ubavuni. Kaka alilitoa kwenye mfuko, akalikunja upya juu ya mstatili wa boksi gumu ili lipate umbo, akalifunga kwa ribini pana kabla ya karatasi, mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, akalikalia. Ndiyo, alilikalia, akapokea simu akiwa juu yake. Alipoinuka akakaza ribini tena, ndipo akavalisha karatasi nzito. Lilifika Marangu likiwa na pembe nne.

Chupa ya chai ilikuwa na mpini na mdomo, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa, wanaizungushia karatasi na kuisokota juu ikabaki inafanana na kitu kilichonyongwa. Alinipa njia mbili: aitengenezee boksi la manila kwa 2,000 nyingine, au nimletee kanga aifunge nayo. Nilikuwa na doti mpya niliyoinunua kwa matumizi yangu, nikaitoa. Aliisimamisha chupa katikati, akakusanya pembe, akafunga fundo moja kubwa juu likakaa vizuri kuliko ribini yoyote aliyokuwa nayo msumarini. Zawadi ndani ya zawadi, na hakuna cha kutupa. Ushauri wangu kwa atakayeiga: soma jina la kanga kabla. Kanga ikiingia ukweni na maneno ya mafumbo, utajieleza mpaka Pasaka.

Upande wa mapambo nina neno. Kijana wa ribini ni fundi, ule mtindo wa kuvuta ribini kwenye makali ya mkasi ikajikunja anaufanya bila kuangalia. Lakini anapenda madoido. Ukimwachia, anabandika ua, juu ya ua kengele, pembeni ya kengele majani marefu ya plastiki ya kijani. Hayo majani nilimwambia ayatoe upesi. Yanafanana mno na masale, na sale kwa Wachaga ni jani la kuombea msamaha. Mtu akikosana na mwenzake ndilo linalopelekwa. Niingie sebuleni kwa mama mkwe na boksi lililofungwa masale, wifi zangu wote wangeacha kula wakae wanasubiri nieleze nimefanya nini. Kijana alicheka, akasema yeye ni wa Lindi, angejuaje. Kweli, angejuaje. Ila mkiwa mnapeleka Kilimanjaro, msikubali yale majani.

Karatasi zenyewe ndizo zinazopunguza raha. Ile iliyomo ndani ya bei ni nyembamba, maandishi ya boksi yanaonekana kwa chini, na ukiwa na jasho la vidole inalegea. Watu wa zamani huko Marekani walifungia kwa shashi nyembamba hivi hivi. Ni mwaka 1917 ndipo ndugu wawili wa ukoo wa Hall, wenye duka Kansas City, walipoishiwa shashi katikati ya msimu wa Krismasi, wakaweka mezani karatasi za Kifaransa zenye mapambo zilizotengenezwa kwa ajili ya kutandikwa ndani ya bahasha, senti 10 kwa shiti. Zikaisha zote. Biashara hiyo ndiyo Hallmark ya leo. Zaidi ya miaka mia mtu amekwisha thibitisha kwamba mteja yuko tayari kulipia karatasi yenye mwili, na hawa ndugu zangu wa Kariakoo bado wananiletea shashi. Chukueni ile nzito. Nayo ina kasoro, ikikunjwa vibaya rangi inapasuka na kuacha mstari mweupe, lakini mkononi mwa kaka huyu haikunjwi vibaya.

Michoro ni ile ile ya kila mahali: theluji, kulungu, baba mnene wa ndevu ndani ya koti la manyoya. Kwa Dar ya Desemba, ambapo shati linakauka likiwa mwilini, ni kichekesho. Ila nikiipeleka Marangu sioni aibu sana. Asubuhi mawingu yakiwa hayajapanda unatoka na kikombe chako uani na Kibo hiyo hapo, mita 5,895, nyeupe kichwani. Theluji ya kwenye karatasi inakuwa na ndugu yake.

Mifuko ya zawadi, ile ya kutumbukiza kitu na kuondoka, ipo kuanzia 2,000. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 wanaleta ya karatasi ngumu yenye kamba, ni mizuri, na ni ya mtu mwenye haraka. Mfuko hauna siri, kila anayepita anachungulia. Nisiseme zaidi.

Jaribio la kweli ni buti la basi. Kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi mpaka Moshi ni kilomita zaidi ya 500: Chalinze, Segera, Korogwe, Same, na joto la tambarare lote hilo linapikwa ndani ya buti. Utingo hajui kwamba una mama mkwe. Juu ya begi langu alirusha gunia la mchele, na juu ya gunia akaweka jenereta ya mtu. Abiria mwenzangu alikuwa na zawadi zilizofungwa nyumbani kwa selotepu ya bei rahisi. Tuliposhuka selotepu zilikuwa zimeachia, karatasi inapepea. Zangu zilishikilia. Boksi la bilauri lilichanika kona moja, upana wa kidole, na hapo nikafungua mfuko mdogo ambao kaka aliniwekea bila kusema kitu: kipande cha karatasi ile ile, mkanda wa gundi ya pande mbili, na ua moja la akiba. Nilitia kiraka, nikabandika ua juu ya kiraka, hakuna aliyejua. Kifuko hicho hakikuwa kwenye bei. Hicho ndicho kilichomaliza ubishi wangu wote kuhusu nyota ya tano.

Haya, kadi.

Sijui inakuwaje meza moja iwe na mtu anayetoa stika ya bei kwa mafuta ya kula, halafu hatua moja pembeni kuna kadi zinazouzwa na stika ya bei mgongoni, na haitoki, ukiivuta inaondoka na ngozi ya kadi. Bahasha hazilingani. Kadi kubwa inapewa bahasha ndogo, unaambiwa "inaingia hiyo, sukuma tu". Za unga wa kung'aa zinamwaga. Niliibeba moja kwenye pochi na mpaka leo nikitoa kitambulisho benki kinametameta. Zile za muziki, jaribuni kwanza palepale, moja niliyofungua ililia mwanzo wa wimbo ikakata roho.

Dada anayeandika ana mwandiko mzuri, huo siwezi kumnyima. Herufi zimelala upande mmoja, kalamu ya dhahabu, mkono hautetemeki. Anachaji 500 kwa kadi. Tatizo hasikilizi. Jina la ukoo wa mume wangu linaishia na "y". Nilimwambia, tena nilimtajia herufi moja moja. Akaandika "i". Nilipomwonyesha akatoa wino mweupe wa kufutia, ule wa ofisini, akapaka juu ya kadi ya 4,000, akapuliza, akaandika "y" juu yake. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii nampelekea mzee wa miaka themanini na kitu, ataikwaruza kuona kuna nini chini." Akasema basi ninunue nyingine. Ninunue! Tulizozana kidogo, wateja wakatuangalia, mwishowe kaka wa kufunga ndiye aliyesema nipewe nyingine. Dada alinipa huku anaangalia barabarani.

Na kila kadi anaandika sentensi moja: nakutakia heri ya Krismasi na mwaka mpya wenye mafanikio tele. Bosi wangu mafanikio tele, mama mkwe mafanikio tele, mtoto wa shemeji aliyezaliwa Septemba mafanikio tele. Wapo watakaosema ndiyo kadi ilivyo, imeumbwa hivyo. Ni kweli kabisa. Ile kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani, London mwaka 1843, Henry Cole aliagiza ichorwe na John Callcott Horsley kwa sababu alikuwa na watu wengi wa kuwaandikia na shughuli nyingi kuliko muda. Zikachapwa nakala 1,000 hivi, salamu imekwisha kuandikwa, nafasi imeachwa ya kujaza jina la anayepelekewa na la anayepeleka. Zilizobaki ziliuzwa shilingi moja moja, na shilingi ya wakati huo haikuwa pesa ya mchezo. Kwa hiyo kadi ya kuchapa ni mtoto wa mtu asiye na nafasi. Lakini Bwana Cole angalau alijaza majina yake mwenyewe kwenye nafasi aliyoiacha. Sisi tunamlipa mtu 500 atujazie hata hapo, na bado anakosea.

Kwa mama mkwe jambo hili lina uzito wake. Zawadi ikishaingia chumbani imepotea machoni pa watu, karatasi inakunjwa na kuwekwa chini ya godoro kwa matumizi mengine. Kadi ndiyo inayobaki nje. Ana kabati la vioo sebuleni, lenye zile sahani ambazo hazijawahi kuliwa na mtu, na mbele ya sahani zimesimama kadi za miaka na miaka, nyingine rangi imekwisha. Mgeni akija anazitoa, anavaa miwani, anasoma kwa sauti. Nimemwangalia anavyopokea mpya: anaifungua, anapita juu ya shairi la Kiingereza lililochapwa bila kulisimamia, anaigeuza nyuma, anairudisha mbele. Anatafuta palipopita mkono. Akikuta jina tu, anasema "aika" fupi. Mwaka ambao mume wangu alikaa mezani usiku akamwandikia ukurasa mzima juu ya mbuzi waliopotea akiwa mdogo na jinsi alivyochapwa bila kosa, kadi ile haikuingia kabatini kwa wiki nzima. Ilikuwa inazunguka kijijini mkononi mwake. Ilikuwa ya 1,500, ya meza hii hii, yenye kengele mbili zilizochorwa vibaya.

Kuhusu picha za WhatsApp zenye mishumaa inayowaka na zimeshasambazwa mara nyingi, hapa si mahali pake. Mimi mwenyewe nazituma, kwa watu ambao sitaki wanipigie.

Mbadala wa kadi nilioujaribu ni zile za magome ya mgomba, zinazouzwa kwenye vibanda vya vinyago Mwenge. Zimebandikwa kwa mkono, ndani ni karatasi tupu, hakuna shairi la kukuwahi. Nzuri sana kwa rafiki aliye Ulaya au kwa bosi. Kwa Marangu sikushauri. Mama mkwe aliigusa, akainusa, akamtazama mwanawe. "Mmelipia maganda ya migomba? Si mngeniambia, kihamba chote hiki kimejaa migomba!" Sebule ikacheka mpaka chai ikamwagika. Hata hivyo iko kabatini, nimeiona.

Kwa hiyo naendaje sasa? Kufunga, meza hii, bila kufikiri mara mbili. Kadi nachagua hapo hapo ya bei ya chini, nachungulia mgongoni kama ina stika, naijaribu kwenye bahasha yake kabla sijalipa, naondoka nayo tupu. Kuandika ni kazi ya nyumbani, watoto wakishalala, kalamu ya bluu ya kawaida. Dada wa kalamu ya dhahabu namwachia wale wa kadi za harusi.

Muda wa kwenda ni kabla ya tarehe 15 Desemba, asubuhi, jua halijaingia chini ya baraza. Baada ya tarehe 20 kaka analeta ndugu zake kumsaidia na hao wanakata kwa mkasi. Ukikuta foleni, sema wazi kwamba unamsubiri yeye, hata kama ni saa nzima. Beba vitu vyote kwa mara moja, begi mbele kifuani maana vibaka nao wana sikukuu, na kama una doti ya kanga mpya nyumbani usiiache. Tena mkifika mwiteni fundi. Nilimsikia baba mmoja wa suti akimwita "dogo", na boksi lake lilikaa pembeni mpaka sisi wengine wote tulipomalizika.